Muulize Mwanafunzi, Kisha Mjibu

Nafundisha Baiolojia kwenye sekondari ya kata pembezoni mwa Dar es Salaam, huku ambako mashamba ya mihogo yamekatwa viwanja na watoto wengi wanakuja shule kwa daladala. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yamefurika. Mwongozo unataka wanafunzi 40 kwa mkondo. Mimi naingia nakuta zaidi ya 70. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu akisema ufundishaji wa kumshirikisha mwanafunzi ni wa shule za wenye hela, namwelewa, ila sikubaliani naye. Mtaala wa 2005 ulishatuagiza hivyo, na huu ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, umekazia palepale.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuhusu lugha. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza karibu kila kitu ni Kiingereza. Ukiuliza nani ana swali, darasa zima kimya, halafu ofisini tunasema watoto wa siku hizi wazito. Si wazito. Swali analo, anachokosa ni maneno ya kulisemea, na anaogopa kuchekwa. Waache wajadiliane kwa Kiswahili na waulize kwa Kiswahili, kisha mlipeleke swali kwenye Kiingereza pamoja, liandikwe ubaoni, maana mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, utakuja kwa Kiingereza.

Kidato cha pili tulipofika kwenye usafirishaji wa vitu mwilini, niliwaambia kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mwenzake, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika moja. Mimi nikashika saa. Wakaandika, wakatoka nje wakarukaruka, wakarudi kuhesabu tena. Waliokuwa na sabini na kitu wakajikuta wamevuka 120. Kelele zilikuwepo, lakini zilikuwa za kubishana namba. Hapo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akauliza: "Madam, bibi yangu ana presha. Mbona anahema kama amekimbia wakati amekaa tu?"

Swali hilo lilichukua kipindi chote kilichobaki. Mmoja akataja chumvi, mwingine akauliza kama moyo unaweza kuchoka. Tukachora moyo ubaoni tukafuata damu inakopita, tukaona jinsi presha ya muda mrefu inavyoulazimisha moyo kufanya kazi kupita kiasi mpaka unashindwa, na kwa nini moyo ukishindwa mapafu nayo yanaathirika. Andalio langu la somo halikuwa na hayo. Ila mada ile sikuhitaji kuirudia, na walimu wanaohofia kutomaliza silabasi wanajua kurudia mada kunakula vipindi vingapi.

Kwenye makundi, angalia nani anashika kalamu na nani anasimama kusema. Ukiwaachia wenyewe, wasichana wataandika na wavulana watawasilisha, muhula mzima. Badilisha kila mara, na utaje wewe nani atasema leo.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Kila Ijumaa nawapa vikaratasi visivyo na jina: andika usichoelewa wiki hii, na kitu kinachokuzuia kusoma. Shule nyingi zina sanduku la maoni, na maoni hayo yanaishia sandukuni. Jumatatu mimi nasoma mbele yao na kujibu: hili tumefanya, hili haliwezekani kwa sababu fulani, hili nalipeleka kwa mkuu wa shule. Wapo walioandika kwamba mchana jua la dirishani linawazuia kuona ubao. Tukaziba kioo kwa boksi siku hiyo hiyo. Wengine waliandika kuhusu makonda wanaowakataa asubuhi kwa sababu ya nauli ndogo ya mwanafunzi. Wanachelewa, kisha wanaadhibiwa kwa kufanya usafi wakati wenzao wako kipindi cha kwanza. Hilo halikuwa mkononi mwangu. Nikawashauri viongozi wa serikali ya wanafunzi walifikishe kwenye baraza la shule. Dada mkuu alisimama akaeleza vizuri, kwa adabu, na usafi ukahamishiwa baada ya masomo. Tangu siku hiyo vikaratasi viliongezeka urefu.

Wapo wanaosema ukimpa mtoto nafasi ya kusema, nidhamu itaisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa haki ya kutoa maoni, kwa hiyo hatumfanyii hisani. Na kwa niliyoyaona darasani kwangu, anayejua atasikilizwa Jumatatu hana haja ya kuzomea Alhamisi.

Ukianza, wiki za mwanzo utapata karatasi tupu, na nyingine zina matusi. Yenye matusi weka pembeni, soma zilizobaki. Usitafute mwandiko. Ukimtafuta mmoja tu, wote watajua, na hutaandikiwa tena neno la kweli. Na siku karatasi itakaposema wewe mwenyewe unaongea haraka mno, isome kwa sauti ileile uliyosomea nyingine, kisha uwaulize ni wapi hasa uliwaacha.