Kwenda kufundisha Marbella, ni haramu kama ulivyoambiwa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi mwalimu wa hesabu, naishi Malindi, nna mke na mtoto mmoja. Ajira ya serikali sijapata mpaka leo. Sasa nimepata shule ya kimataifa Marbella, Hispania, mkataba wa miaka 2. Ami yangu anasema kuhamia nchi ya makafiri ni haramu na kuna fatwa ya zamani imeitaja Marbella kwa jina. Usingizi sina.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole kijana wangu, fatwa ipo kweli, ami yako hakuizua. Aliitoa Ahmad al-Wansharisi, alim mkubwa wa Fas huko Moroko, karibu na 1491, kuhusu mtu mwema wa Marbella aliebaki nyuma baada ya mji kuchukuliwa na Wakristo 1485, kwanza akimtafuta ndugu yake aliepotea vitani, alafu akataka kubaki awatetee Waislamu wanyonge mbele ya watawala wapya. Sheikh akamwambia hapana, hama. Lakini soma sababu zake basi: aliogopa sala kufanyiwa stihizai, wanawake na watoto kufitiniwa, hata lugha kupotea kama ilivyowapotea Waislamu wa Ávila, mji wa Hispania uliokuwa chini ya Wakristo. Na hakuogopa bure, manake 1502 Waislamu wa Castilla, ufalme uliotawala sehemu hizo za Hispania, waliambiwa wabatizwe ama watoke, na kuanzia 1609 hata vizazi vya waliobatizwa wakafukuzwa. Sasa mtu anachukua fatwa ya mji uliotekwa, sababu zote anazitupa, anabakisha jina la mji tu, anampiga nayo mwalimu anaekwenda kufundisha aljebra! Huo si ufakihi, ni kutishana.

Na hao hao ndo huja na hadithi "Mimi niko mbali na kila Muislamu anaekaa baina ya mushirikina" wakaikata hapo. Iko kwa Abu Dawud na Tirmidhi, na Bukhari kasema iliyo sahihi ni mursal, yaani sanadi yake haimtaji sahaba aliyeipokea kwa Mtume, na kisa chake ni kikosi kilichotumwa kwa kabila la Khath'am, baadhi ya watu wa huko wakakimbilia kusujudu kuonyesha ni Waislamu, wakauliwa, Mtume (s.a.w.) akaamuru walipiwe nusu ya diya, yaani fidia ya damu. Pale ni vitani, si stafurum, chumba cha walimu shuleni. Mbona Habasha (Ethiopia), walikokimbilia Waislamu wa mwanzo chini ya mfalme Mkristo, hawaitaji? Jaafar bin Abi Talib alikaa huko mpaka mwaka wa 7 Hijria, Madina ishasimama zamani, na hakuna aliemwambia yumo kwenye haramu. Na sisi watu wa pwani si Mashafii? Mawardi, katika wakubwa wa madhehebu yetu, anasema mtu akiweza kudhihirisha dini yake katika nchi hiyo basi kukaa ni bora kuliko kuhama, kwa kutarajia wengine wasilimu.

Shurti ni hiyo, kudhihirisha dini. Msikiti upo Marbella tangu 1981, na sheria ya Hispania ya 1992 inakuruhusu uombe kusimamisha kazi Ijumaa saa 7 na nusu mpaka saa 10 na nusu mchana, ila ni kwa makubaliano na mwajiri, kwa hivyo liandikishe kabla hujasaini. Vyakula ndo uangalie, Disemba utaletewa stafurum vibiskuti vya mantecado, vitamu kuviangalia, na vimepikwa kwa mafuta ya nguruwe. Sema ahsante uvipite.

Mimi kinachonishughulisha ni hiyo miaka 2. Hukusema mkeo anakwenda ama anabaki. Sayyidna Omar (r.a.) alimuuliza bintiye Hafsa mke anaweza kumsubiri mumewe muda gani, akamjibu miezi 4 au 6, na kwa hilo akawawekea wanajeshi kikomo cha kukaa mbali na wake zao. Hao walikuwa kwenye jihadi, wewe uko kwenye mshahara. Ndoa za vijana wa Ulaya na Ghuba tunazisuluhisha hapa kila siku, mume anatuma pesa kila mwezi hakosi na nyumba ishavunjika yeye hana habari. Familia ikipata viza nenda nao. Isipopata, muulize mkeo mkiwa wawili tu, sio mbele ya mamako ambapo hawezi kusema hapana, na akisema hawezi basi idai shule mkataba wa mwaka mmoja, na tikiti za likizo ziandikwe humo humo.