Jibu: Kichupa cha mafuta ya vanila, ni halisi?

Dada, umeuliza kama kile kichupa cha "mafuta ya vanila" cha bei ya chini ni halisi na kama unaweza kujipaka. Kwa bei hiyo, mara nyingi ni vanilini (kemikali yenye harufu ya vanila) ya kiwandani ndani ya mafuta mengine. Vanila haikamuliwi kwa mvuke kama karafuu au mchaichai. Harufu yake hutolewa kwa spiriti au kwa kuloweka maganda, yaani matunda yake marefu, kwenye mafuta.

Mmea huu asili yake ni Meksiko. Kwingineko kwa kawaida ulichanua bila kuzaa, mpaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, alipobuni njia ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo Madagaska, Komoro, Uganda na kwetu Kagera wakulima hufanya hivyohivyo, ua kwa ua, asubuhi hiyohiyo linapofunguka. Ughali wake ni jasho la watu, usiulalamikie.

Bora ujitengenezee. Chukua maganda mawili yaliyokaushwa, meusi, laini kama tende. Pasua, loweka kwenye mafuta ya nazi wiki nne kabatini. Jipake baada ya kuoga. Harufu inaliwaza sana, ila chunusi haitibu. Anza na tone moja mkononi, uone ngozi inasemaje.