Usitume hela ya hizo rimu za +22 kabla hujapima fenda za nyuma

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo hela usiitume leo.

Umeuliza kama rimu za 18x9.5 (kipenyo inchi 18, upana inchi 9.5) zenye ofseti ya +22 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari; namba ikipungua, rimu inatoka nje zaidi) zitakaa kwenye Toyota 86 yako, uvae tairi namba ngapi, mafuta yataongezeka kiasi gani, na rangi gani inapendeza kwenye gari nyekundu. Halafu ukamalizia kwamba muuzaji kakuhakikishia "zinaingia, ni kukunja fenda kidogo tu." Hilo neno "kidogo tu" ndilo lililonifanya nifungue akaunti ambayo nilikuwa nimeshasahau nywila yake. Mimi niliuziwa rimu za vipimo hivyo hivyo, kwa gari hiyo hiyo, kwa sentensi hiyo hiyo. Nikiambiwa ni mtu yule yule sitashangaa.

Hesabu ambayo hakuniambia ni hii. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 kwenye 86 ina upana wa inchi 7 na ofseti +48. Nusu ya inchi 7 ni kama milimita 89. Toa 48, ukingo wa nje unakaa milimita 41 kutoka pale rimu inapokutana na hab, yaani kile kitovu kinachobeba gurudumu. Njoo kwenye hizo zako: nusu ya 9.5 ni kama 121, toa 22, inabaki 99. Kwa hiyo rimu inasogea nje karibu milimita 58, na kwa ndani, ambako ofseti unaijumlisha badala ya kuitoa, inaongezeka kama 6 tu. Sentimita sita kasoro kidogo, karibu zote zinaelekea kwenye fenda! Chukua rula, ishike pembeni ya tairi lako la sasa, uone inafika wapi.

Mimi sikushika rula. Nilishika simu nikapiga picha. Zilipendwa sana hizo picha, na ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwenye huo mradi, kwa hiyo mnaocheka chekeni taratibu.

Tuta la kwanza nikiwa na abiria mmoja nyuma, nikasikia mkwaruzo. Nikashuka, nikainama: ukingo wa fenda ulikuwa umeparua bega la tairi, mpira unaning'inia mwembamba kama tambi. Nikampigia muuzaji. "Kaka, hiyo kawaida, peleka kwa kijana wangu aikunje." Kijana wake akaingiza bomba la chuma kati ya tairi na fenda, mwenzake akawa anaisukuma gari mbele na nyuma. Rangi hawakuipasha joto hata kidogo. Niliisikia ikipasuka, na nikasimama pale natikisa kichwa kana kwamba naelewa kinachoendelea.

Sasa soma hapa polepole. Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti. Ukiiharibu unatafuta nyingine, unapiga rangi, yameisha. Ya nyuma haifunguki, imechomelewa, ni bodi yenyewe. Ule ukingo unaoupapasa kwa vidole ukipitisha mkono juu ya tairi ni mabati mawili yaliyobanwa pamoja, na katikati kuna gundi ya kuziba maji. Ukiukunja kienyeji gundi inaachia, maji ya barabarani yanaingia katikati ya bati na bati, na kwa hewa hii ya Dar kutu haina haraka lakini hailali. Nje nilikuwa naona ufa mwembamba tu wa rangi. Fundi bodi alipokuja kukwangua, bati lilikuwa limeoza kwa ndani pande zote mbili. Ikabidi kukata, kuchomelea kipande, puti, rangi ya ubavu mzima. Gharama yake ilizidi bei ya rimu na tairi zake kwa pamoja. Nilipompigia tena yule bwana, akaniambia mimi ndiye nilitaka gari ipendeze. Aliniingiza mkenge halafu akanifundisha uzalendo!

Na usidanganywe na tairi jembamba lililovutwa kwenye rimu pana. Mimi nilivalishwa 225/40R18 ili eti lipite chini ya fenda. Tairi la namba hiyo limetengenezwa kwa rimu ya kuanzia 7.5 hadi 9, halijatengenezwa kwa 9.5. Kwenye mashimo yetu, ukingo wa rimu ndio unakutana na lami kabla ya mpira. Usukani nao ukawa unafuata kila mfereji wa malori, na beringi za hab zinabebeshwa mzigo kwa mbali kuliko zilivyopangiwa.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi kutoka: gari kwenye sakafu bapa, tairi za kiwandani zikiwa ndani. Pima kutoka ukingo wa nje wa rimu hadi ndani ya fenda, kisha kutoka ukingo wa ndani hadi shokapu. Andika. Pakia watu wazima nyuma na mzigo kwenye buti upime tena, maana gari tupu inadanganya. Mbele kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Ndipo ufanye ile hesabu ya nusu ya upana kutoa ofseti (kwa ndani, kujumlisha), uone rimu mpya inazidi ya kiwandani kwa kiasi gani, ulinganishe na nafasi uliyopima. Namba isipokubali, rimu haziji nyumbani, hata akupunguzie nusu ya bei. Hata akikupa bure.

Rimu ya 17x8 yenye +45 kwa mfano inatoka nje kama milimita 16 na kuingia ndani kama 10. Hiyo gari inaipokea bila kumwita mtu wa bomba.

Nakumbuka na hili: 86 imeundwa na Subaru, nati zake ni M12x1.25 (hiyo 1.25 ni milimita kati ya uzi na uzi), za Toyota nyingi ni 1.5. Fundi akichomoa nati kwenye boksi la Premio, mzuie mkono. Na rimu za Premio zenyewe, ingawa nazo ni 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati ni milimita 54.1 wakati hab yako ni 56.1. Hazikai.

Mafuta na rangi wadau wengine watakujibu. Wewe geuza rimu moja, piga picha ya namba zilizo nyuma ya spoku, uiweke hapa pamoja na vipimo vya fenda za nyuma. Nipo macho.