Jibini haina kosa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimesomewa na mama yako, miwani yangu imepata ufa. Unauliza ununue jibini gani, maana sandwichi zako za mboga zinalowa na wajukuu wangu wanazisukuma pembeni. Jibini (nyie mnaiita chizi, mimi kula chizi siwezi) chukua yoyote inayoyeyuka, cheddar au gouda, uikwangue. Jibini haina kosa. Mboga kwanza imalize maji yake.

Kisa cha stesheni unakijua, ila nusu yake nilikuwa naificha. Ilikuwa 1987, kwenye ile nyumba ya wageni ya stesheni nilikokuwa napika. Abiria wa treni ya Kigoma akataka tosti ya jibini na mboga. Nikakata nyanya, hoho na kitunguu, vibichi hivyohivyo, nikatia chumvi, nikafunika na slesi. Chumvi ikavuta maji yote. Mgeni alipoinua tosti yake, slesi ya chini ikabaki kwenye sahani. Yeye hakusema kitu. Aliyesema ni meneja, mbele ya wahudumu wote: "Huyu arudi kwao akasonge ugali." Mwezi mzima nikaosha vyombo.

Labda alikuwa na haki, chakula kilikuwa kibovu kweli. Lakini ugali wa uwele usiokuwa na madonge, yeye angeuweza? Hakuwa na haki. Au basi, tuyaache.

Mama yako, wakati huo mchumba tu, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, Mgogo gani asiyejua kukausha mboga? Kwao Mvumi majani ya kunde yalikuwa yanaanikwa juu ya paa la tembe, na kiangazi kikiingia ndiyo mboga yenyewe hiyo. Mimi nimekulia hayohayo, ila nilipovaa aproni nikadhani chakula cha wageni kina sheria zake.

Wewe usianike, kaanga. Hoho, karoti na kitunguu vikatwe vyembamba, mafuta kidogo, chumvi mapema ili maji yatoke, na usifunike. Sikiliza kikaango: mwanzo kinatokota kama mchuzi, baadaye sauti inakuwa kavu, inachatachata. Hapo epua, ipoe. Spinachi ukishaichemsha ikamue kwa mkono mpaka ukunje uso. Nyanya toa mbegu, au iache sokoni.

Kisha jibini chini, mboga katikati, jibini tena juu. Ndiyo inayoshika slesi zote mbili. Siagi ipake nje ya mkate. Moto mdogo, mwanangu, mdogo kuliko unavyodhani, la sivyo mkate utaungua na jibini bado imelala. Funika dakika mbili, funua, geuza. Lakini kama mboga haijamaliza maji yake, hayo yote ni kazi bure.

Umeuliza pia kama hiyo inatosha kuwafungia watoto chakula cha mchana cha shule. Hapo sisemi. Mama yako amenikataza, nami nimekubali. Ila mtoto aliyekula kiporo cha ugali na mlenda asubuhi... nimesema sisemi.

Jumamosi nakutumia kikaango cha chuma kwa basi. Ni kilekile cha stesheni, nilikinunua siku walipouza vyombo vyao. Mpini umelegea, ushike na kitambaa.

Baba yako