Je, lazima kizazi kitolewe?

SWALI: Nina miaka 31, sijazaa. Nimekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, uvimbe wa sentimita 1.5. Nimeambiwa kizazi kitolewe. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Huenda ipo, iulizie kabla hujatia saini. Uvimbe usiozidi sentimita 2, kama haujafika kwenye tezi za limfu (vivimbe vidogo vya kinga ya mwili ambako saratani huweza kusambaa), mpasuaji anaweza kuondoa mlango tu na kukuachia kizazi. Hapo hushona uzi mgumu wa kushikilia mimba. Nisikufiche: mtoto huweza kuja kabla ya wakati, na utajifungua kwa upasuaji. Ikibidi kizazi kitolewe pamoja na nyama za pembeni, omba kufunguliwa tumbo; utafiti wa 2018 ulionyesha waliopasuliwa kwa matundu madogo saratani iliwarudia zaidi. Ovari, yaani vifuko vya mayai, kwa umri wako, mara nyingi huachwa.