Chembe za faji huganda au hugandana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha baiolojia hapa Mbeya na ninawaandikia wanafunzi wangu maelezo ya Kiswahili kuhusu faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Niliandika kwamba chembe zake "huganda pamoja". Mwenzangu anataka "hushikamana". Tuandike lipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Andikeni "hugandana".

Kuganda ni kwa kitu cha majimaji kuwa kigumu. Mawese ya Kyela yakipandishwa Uyole mwezi wa Julai, asubuhi unayakuta yameganda chupani. Mwanafunzi anayeyajua mawese hayo akisoma "chembe huganda" atadhani kila chembe imekuwa ngumu, kumbe chembe iko vilevile, ila imenasa kwa jirani yake. Habari ya jirani imebebwa na kile kiambishi -an-.

Pima kwa kinyume chake. Kilichoganda huyeyuka, vilivyogandana huachana. Ndivyo zilivyo faji za aina iitwayo T4: chumvi ikipungua sana katika maji yake, chembe hugandana, ukiirudisha, huachana tena. Hili si jambo dogo maabara, kwa sababu faji huhesabiwa kwa madoa angavu yanayotokea kwenye tabaka la bakteria waliooteshwa sahanini pale bakteria wanapokufa. Chembe 10 zilizogandana huacha doa 1 tu, kana kwamba ilikuwapo chembe 1. Mhesabuji hupata pungufu bila kujua.

"Hushikamana" ya mwenzako ni Kiswahili safi, lakini mimi ningelitunza. Kurasa chache mbele mtaeleza jinsi faji inavyoshikamana na bakteria kwa nyuzi za mkia wake kabla ya kuingiza DNA. Kitenzi kimoja kikifanya kazi zote mbili, mwanafunzi atajuaje ni virusi kwa virusi au virusi kwa bakteria?

Mkitumia neno virusi, upatanisho ni wa KI-VI, "virusi vimegandana", kama tunavyosema virusi vya UKIMWI.

Tokeo lake wengi huliita bonge, nalo linafaa. Moyo wangu uko kwenye bumba, kama bumba la nyuki: limeshonana kama kitu kimoja, lakini ndani yake kila nyuki ni nyuki. Kwa hiyo sentensi yenu ingesomeka hivi: "Chumvi ikipungua, chembe za faji hugandana na kufanya mabumba."