Kabla ya Kusoma Jenomu ya Msonobari, Chagua Mti na Mbegu

Wanafunzi wa baiolojia wa huku Nakuru, hasa wanaosomea Njoro, huniuliza mara kwa mara ni mashine gani inayofaa kusoma jenomu, yaani DNA yote, ya msonobari aina ya patula, ule uliopandwa Turbo na sehemu za Mau, na ambao kwa miaka mingi ulilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kwa jinsi nilivyoshughulika na DNA ya miti, nawashauri swali la mashine waliache mwisho. Kazi hii huamuliwa msituni, pale unapochagua mti na sehemu ya mti utakayoichukua.

Ugumu unatokana na ukubwa. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, ilhali ya msonobari wa Marekani, Pinus taeda, iliyochapishwa mwaka 2014 na kundi lililoongozwa na David Neale wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ina takriban bilioni 22, na ya msonobari mwingine, Pinus lambertiana, iliyofuata mwaka 2016, inafikia bilioni 31. Wingi huo haumaanishi wingi wa jeni, kwani karibu asilimia 82 ya jenomu ya Pinus taeda ni vipande vinavyojirudia. Mashine husoma DNA vipande vipande, na kuviunganisha ni kama kurudishia kanga zilizochanwachanwa ambazo karibu zote zina maua yaleyale. Isitoshe, kila mti una nakala mbili za jenomu, ya mama na ya baba, na tofauti ndogo kati yake huichanganya programu ya kompyuta inayoviunganisha vipande hivyo.

Mbegu ndiyo inayotuokoa hapa. Tishu nyeupe inayokizunguka kiinitete cha msonobari, ambayo ndiyo chakula chake, hutokana na mama peke yake, kwa hiyo ina nakala moja tu. Watafiti wa Pinus taeda waliitegemea tishu ya mbegu moja kwa sehemu kubwa ya usomaji, kisha wakatumia DNA ya majani ya mti mama kuunganisha sehemu zilizo mbali na nyingine. Ukifuata njia hiyo, pasua mbegu chini ya hadubini na ukiondoe kiinitete chote, maana mabaki yake yatakurudishia nakala ya baba uliyokuwa ukiikwepa.

Majani nayo yachukuliwe yangali machanga, yawekwe kwenye barafu papo hapo, kisha yasagwe katika naitrojeni kimiminika. Yaliyokomaa yana utomvu, fenoli na sukari nzito zinazong'ang'ania DNA. Mimi huongeza PVP, kemikali inayonasa fenoli, katika mchanganyiko wa CTAB, dawa ya kutolea DNA kwenye mmea, ili kuzipunguza. Usiridhike na kipimo cha mwanga peke yake: pitisha sampuli kwenye jeli uone kama DNA ni ndefu au imekatikakatika, kwa sababu mashine zinazosoma vipande virefu haziwezi kurefusha kilichokwisha kukatika.

Tena, kwa maoni yangu, mtafiti anayeanza asikimbilie jenomu nzima. Swali letu kubwa hapa Kenya ni magonjwa: ukungu wa Dothistroma ndio uliotufanya tuache kupanda Pinus radiata katika miaka ya 1960. Jenomu ya Pinus tabuliformis wa China, iliyopangwa hadi kwenye kromosomu zake 12 na kuchapishwa mwaka 2022, inaweza kuwa kielelezo chako, nawe ukasoma RNA tu, yaani nakala za jeni zinazotumika, ya miti iliyoambukizwa na iliyostahimili. Jenomu ya Pinus taeda ilikwisha kuwasaidia watafiti kutambua jeni inayodhaniwa kuukinga mti dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao kutu, kwa hiyo tumaini hilo lina msingi.

Omba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu mapema. Mti wenyewe uutie alama na kuandika mahali ulipo kwa GPS, kwa kuwa mashamba ya misonobari hukatwa kwa zamu, na ukikatwa kazi ikiwa katikati hutapata tena DNA ya mti uleule. Mimi huomba vikonyo vyake vipandikizwe kwenye kitalu kabla sijaanza kazi ya maabara.